Maji Yale Yale, Mikono Tofauti

Wengi mliokuwepo ukumbini Jumamosi mliniomba niandike nilichoongea kabla hatujawasha projekta, basi haya ndo hayo, nimeyaweka kama nilivyoyasema, na pale niliporukaruka nimeacha hivohivo.

Shikamooni wazazi. Na nyie wadogo zangu mliokaa chini huku mbele, mambo vipi. Nashukuru sana mmekuja na jua lote hili.

Nataka nianze na bwawa la plastiki, lile la watoto wanalochezea uani. Kwenye Stranger Things, tamthilia tunayoiangalia leo, sizoni ya kwanza, episodi ya saba, kuna usiku watoto na wakubwa wao wanaingia kwenye ukumbi wa michezo wa shule wanalifungua bwawa hilo katikati ya sakafu. Wanavuta mpira wa maji wanalijaza. Wanabeba magunia ya chumvi, ile inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, wanamimina gunia juu ya gunia. Hesabu ya chumvi wamempigia simu mwalimu wao wa sayansi, Mr. Clarke, saa nne usiku yuko kwake na mgeni wake, na yule mwalimu badala ya kuwafokea anawapa hesabu, kama kilo 680 hivi. Alafu Dustin anatumbukiza mayai ndani ya maji kuona kama chumvi imetosha. Yai likielea, mtu naye ataelea.

Anayeingia humo ni binti wa miaka kumi na mbili hivi, kichwa kimenyolewa, amevaa gauni la kuazima. Wanamvalisha miwani ya kuogelea iliyozibwa kwa gundi ya utepe asione mwanga. Huyu ndo Eleven. Akizimiwa mwanga na kelele anaweza kumtafuta mtu kwa akili yake, popote alipo, hata kama yuko kwenye dunia nyingine ya giza iliyojificha nyuma ya hii yetu, ile wanayoiita Upside Down. Leo anamtafuta Will, mtoto wa Joyce aliyepotea.

Na Joyce, kabla mtoto hajalala kwenye maji, anamwambia kwamba akiogopa wakati wowote aseme tu, yeye yupo hapohapo. Anamshika mkono. Na kweli Eleven anaogopa, anaanza kutapatapa gizani, na yule mama anamvuta na kumkumbatia na nguo zake zinalowa zote na wala hajali.

Sasa shikeni hiyo picha, kwa sababu mtoto huyuhuyu alishawahi kuingizwa kwenye maji mara nyingine kabla ya hapo, na ndo ninachotaka kuwaonesha leo, sijaja kuongelea majini na mazimwi ingawa nayapenda.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona kabisa, nielezee haraka. Tamthilia hii ilianza tarehe 15 Julai 2016 kwenye Netflix. Walioitunga ni mapacha wawili, Matt na Ross Duffer, wazaliwa wa Durham, North Carolina. Hadithi inaanza Novemba 1983 kwenye mji mdogo unaoitwa Hawkins, jimbo la Indiana, mji wenyewe wa kubuni, picha wamezipigia Georgia, maeneo ya Atlanta na miji ya jirani. Mwanzoni iliitwa Montauk, jina la mahali kule Long Island, na vituo vingi vya televisheni viliikataa kabla haijapata pa kukaa. Sizoni ni tano, ya mwisho ilitoka mwishoni mwa 2025, na wengine hapa hawajaimaliza kwahiyo mwisho wake sitaugusa.

Will anapotea usiku akitoka kucheza kwa rafiki yake. Wenzake watatu, Mike, Dustin na Lucas, wanatoka kumtafuta msituni mvua inanyesha, na badala ya Will wanamkuta huyu binti. Hana viatu, haongei. Mkononi ana namba 011 iliyochorwa kwa tatuu.

Mtoto mwenye namba badala ya jina. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha video nikatoka nje kupunga upepo.

Ile namba inatoka kwenye maabara ya serikali pembeni ya mji. Bosi wake ni Dr. Brenner, mzee wa nywele nyeupe, suti safi, sauti ya chini, na watoto pale wanamwita Papa, yaani baba. Kuna kumbukumbu moja ya Eleven inaonyeshwa episodi ya tatu. Yuko kwenye meza, mbele yake kuna paka, na anatakiwa amuumize yule paka kwa akili tu. Mtoto anamwangalia paka. Paka anamwangalia. Anakataa. Basi wanamchukua wanaume wawili wanamburuza kwenda kumfungia kwenye kichumba cha giza huku anamlilia Papa, na mlangoni pale anashindwa kuvumilia, nguvu zinamtoka, wale wanaume wote wawili wanakufa. Damu inamchuruzika puani, amekaa chini hana nguvu hata ya kusimama. Papa anakuja. Anawaangalia wale waliokufa, anamwangalia mtoto, na uso wake unafurahi. Anambeba kwa upole kabisa kama baba anavyombeba mwanae aliyesinzia.

Huyo mzee hajawahi kumpiga kofi mbele yetu, hamfokei, anampapasa kichwa. Na ndo maana namuogopa kuliko Demogorgon, lile zimwi la kule Upside Down, maana zimwi ukiliona unakimbia, ila mtu anayekupenda kwa ajili ya unachoweza kumfanyia, utakimbiaje, na wewe ni mtoto na hujawahi kupendwa kwa namna nyingine yoyote?

Sasa tangi. Ndani ya ile maabara kuna tangi kubwa la maji la chuma na kioo, Eleven anavalishwa helmeti nzito yenye nyaya, anashushwa ndani peke yake. Wakubwa wote wako nje ya kioo na makoti yao na karatasi zao. Wanachotaka ni akamsikilize Mrusi mmoja huko mbali, apeleleze, maana ni enzi za vita baridi. Kwenye lile giza anakutana na kitu ambacho si cha dunia hii, na siku wanayomrudisha akiguse hicho kitu, ndo mlango wa kwenda Upside Down unapasuka, ndo Will anapotea, ndo yanaanza yote. Mtoto alikuwa ameogopa tangu mwanzo. Aliyejali kuogopa kwake hakuwepo.

Maji yaleyale, giza lilelile, kipaji kilekile. Mara ya kwanza mkono haupo, mara ya pili mkono upo.

Nataka nikae kidogo hapa kwenye tangi kwa sababu wengi wanadhani ni la kubuni. Tangi la kumnyima mtu mwanga na sauti ni kitu cha kweli. Daktari mmoja wa Marekani, John Lilly, alilitengeneza mwaka 1954 akitaka kujua ubongo unafanya nini usipopata chochote cha kuona wala kusikia. Siku hizi wanaweka chumvi nyingi kwenye maji ya vuguvugu, unaelea, husikii mwili. Leo watu wanalipia kwenda kupumzika humo.

Na maabara nayo ina mzizi wa kweli. Kwenye hadithi mama yake Eleven, Terry Ives, alijitolea kwenye majaribio ya chuo akiwa hajui ana mimba, na jina la mpango wanalitaja wazi, MKUltra. Huu mpango ulikuwepo. Mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakati huo Allen Dulles aliuidhinisha Aprili 1953, na aliyeuendesha alikuwa mkemia anaitwa Sidney Gottlieb. Walitaka kupata njia ya kuiteka akili ya mtu. Walitumia LSD, dawa ya kulevya inayomfanya mtu aone visivyokuwepo, tena mara nyingi bila mtu mwenyewe kujua amepewa. Novemba 1953 mwanasayansi wa jeshi Frank Olson aliwekewa ile dawa kwenye kinywaji na wenzake wa kazini, siku tisa baadaye alianguka kutoka dirishani hotelini New York akafa, na familia yake haikuambiwa habari ya dawa mpaka 1975, miaka ishirini na mbili. Mwaka 1973 mkurugenzi Richard Helms aliamuru makabrasha ya mpango yachomwe na kuharibiwa. Yalibaki machache yaliyokuwa yamehifadhiwa sehemu nyingine, na kwa hayo machache Baraza la Seneti mwaka 1977 lilielezwa kwamba taasisi 80 zilihusika, humo vyuo 44, hospitali na kliniki 12, magereza matatu.

Vyuo 44 jamani. Hospitali 12. Hawa hawakuwa watu wenye mapembe. Ni watu waliosoma, wana familia, jioni wanarudi nyumbani wanakula na watoto wao.

Kuna na mpango mwingine wa kweli, huu wa kuwatumia watu wanaodai wanaona vitu vya mbali kwa akili, uliitwa Stargate mwishoni, serikali ya Marekani ilitumia kama dola milioni 20 kwa miaka mingi na 1995 wakaufunga kwa sababu haukuwahi kutoa taarifa yoyote ya kutumika. Kwahiyo nguvu za Eleven hazipo, wadogo zangu, msijikazie macho nyumbani kusogeza vikombe. Ila watu waliomtafuta Eleven walikuwepo. Hilo ndo linanikosesha usingizi kwenye hii hadithi, kwamba cha kubuni ni mtoto tu, wale wanaume wa nje ya kioo ni wa kweli.

Naomba nitoke nje ya Hawkins dakika moja.

Mimi nilikuwa nakimbia. Nikiwa kidato cha pili nilikuwa mwepesi kweli, mita 800 na 1,500, shule ikawa inanijua kwa hilo. Goti langu la kushoto likavimba wiki mbili kabla ya mashindano. Mwalimu aliyekuwa anatusimamia akaliangalia, akabonyeza, akaniuliza utaweza? Nikasema naweza, maana nikisema siwezi ningekuwa nani tena pale shuleni. Nilikimbia, nikashinda, akanibeba mabegani. Watu wanapiga makofi na mimi huko juu nalia na wote wanadhani ni furaha. Sikukimbia tena baada ya mwaka ule. Simchukii, nawaambia ukweli, nadhani alinipenda kwa namna yake. Lakini miaka imepita, niko sebuleni kwangu naangalia Papa ananyanyua mtoto mwenye damu puani, na goti likaniuma.

Aliyeniuliza swali lingine alikuwa mama wa jikoni. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi jioni ile, akanipa uji kwenye kikombe cha bati na akaniuliza, umekula wewe?

Ndo maana napenda sana wale wavulana watatu. Wanamkuta binti wa ajabu, siku ya kwanza Mike anampeleka chini nyumbani kwao, anamtengenezea kihema cha mablanketi pembeni ya meza ya gemu lao la Dungeons & Dragons. Jina la Eleven analikata, anamwita El. Muone alichofanya hapo, hakumpa jina jipya kama mtu anayenunua mbuzi, alichukua ile namba aliyokuja nayo akaifanya iwe ya kuitana nyumbani. Asubuhi anampa Eggo, ile mikate ya vijumbavijumba inayochomwa kwenye tosta, na tangu hapo mtoto anapenda Eggo kuliko kitu chochote duniani. Anamfundisha maneno. Neno rafiki hakuwa analijua, akamweleza kwamba rafiki ni mtu ambaye ungemfanyia chochote, na rafiki hadanganyi. Na hiyo ya kutodanganya El anaishika kwa meno mpaka mwisho.

Lakini sitaki mnidhanie nasema watoto wazuri wakubwa wabaya. Hata wale wavulana wanateleza. Lucas hakumwamini, na mwanzoni hata Mike sehemu ya kinachomvutia ni kwamba huyu atatusaidia kumpata Will. Na Hopper, yule polisi ambaye baadaye ndo anakuwa baba yake, sizoni ya pili anamfungia kwenye kibanda msituni karibu mwaka mzima. Kwa usalama wake, kweli, maana wanamtafuta. Kila siku mtoto anauliza nitatoka lini, anajibiwa karibuni, na yeye anahesabu siku. Siku moja anapasuka, vioo vya kibanda chote vinapasuka naye. Wazazi nadhani hapo mnanielewa zaidi kuliko vijana, kwa sababu Hopper alikuwa amempoteza binti yake wa kumzaa kwa kansa, huyu hataki apotee, na woga wake ukawa kufuli. Tofauti yake na Papa ni ndogo sana siku ile, ukiangalia haraka unaweza usiione. Mi naiona hapa, Hopper baadaye anarudi anasema nilikosea. Papa hajawahi kusema hivo mpaka anakufa, anakufa bado anataka mtoto akubali kwamba yote yalikuwa kwa faida yake, na El anakataa kumpa hilo neno. Anamtazama, anamuaga, basi.

Hiyo ni sizoni ya nne, na ndo nayoipenda kuliko zote ijapokuwa ni ndefu. El amepoteza nguvu zake zote. Wamehamia California, yuko shuleni, hana cha ajabu, ni msichana tu anayeongea kidogo tofauti na wenzake, na wenzake wanamtesa kwa hilo, wanamharibia kazi yake aliyoitengeneza kwa mikono kwa ajili ya darasa, anainua mkono mbele ya kila mtu kama alivyokuwa anainua zamani na hakuna kinachotokea. Kimya. Ananyoosha mkono na hakuna kinachotokea, na wanacheka. Sijui kama kuna kijana humu hajawahi kusimama hapo.

Binti wa dada yangu ana miaka 13, tuliiangalia naye hiyo episodi kwenye laptopu umeme ukikatika tunasubiri, na pale aliponyoosha mkono akaniuliza, mjomba, sasa kama hana nguvu wataendelea kumpenda? Sikumjibu vizuri. Nilimwambia tuangalie tuone. Na lile swali sidhani alikuwa anamuulizia El peke yake, maana wiki ile alikuwa ametoka kuwa wa kwanza darasani akawa wa kumi na moja na nyumbani hali ilikuwa ya kimya. Baadaye nilimpigia dada yangu tukaongea sana.

Basi El anarudishwa kwenye maji tena, tangi jipya, liko chini ya ardhi kwenye jangwa la Nevada, Papa tena yuko nje ya kioo. Wanamwambia bila hili utabaki hivohivo. Nguvu zinarudi, sawa, lakini angalieni gharama. Na kisha, hii naomba muiangalie kwa makini mkifika, inakuja mara ya nne. Rafiki yake Max yuko hatarini kule Hawkins na yeye yuko mbali barabarani, hana maabara, hana mashine. Marafiki zake wanaingia kwenye duka la pizza, wanamwaga vilivyomo kwenye friza la unga wa pizza, wanajaza maji na chumvi. Friza! Wanatengeneza upya lile bwawa la plastiki la sizoni ya kwanza bila hata kulitaja. El anaingia, na anapokaribia kushindwa kule gizani Mike anainama juu ya lile friza anaongea naye sikioni. Anamwambia anampenda, na kwamba alimpenda tangu siku ile msituni, yaani kabla hajajua anaweza lolote.

Nimeshasikia watu wanasema ile sehemu ina machozi mengi kupita kiasi. Mi naona ni jibu la swali la binti wa dada yangu.

Niseme na kidogo kuhusu mwigizaji kisha nikae. Millie Bobby Brown alizaliwa Februari 2004, kwahiyo tamthilia inatoka alikuwa na miaka 12 tu. Alikubali kunyolewa nywele zote. Sizoni ya kwanza El anaongea maneno machache mno, kazi yote iko machoni na kwenye mabega, ukizima sauti bado unajua anaogopa nini. Novemba 2018 UNICEF ilimteua kuwa balozi wake akiwa na miaka 14, mdogo kuliko wote waliowahi kuteuliwa. Mtoto aliyeigiza kama namba akaenda kusimama kuongelea haki za watoto, mi nikiwaza hilo nasisimka. Na Gaten Matarazzo, anayeigiza Dustin, ana ugonjwa wa mifupa aliozaliwa nao unaogusa meno na mifupa ya mabega, na waandishi hawakuuficha, waliuingiza kwa Dustin hivohivo. Watoto wa kule Hawkins wanamcheka, marafiki zake hawamcheki.

Tutaangalia episodi ya saba na ya nane za sizoni ya kwanza mfululizo, projekta ikizima tuvumiliane. Kwenye ya nane, mwishoni kabisa, ni Krismasi, El ametoweka, kila mtu anadhani hayupo tena. Hopper anatoka kwenye sherehe ya polisi na chakula kwenye kontena, anaendesha mpaka msituni peke yake usiku, kuna kisanduku cha mbao kimefichwa kwenye theluji. Anakifungua anaweka kile chakula. Alafu anaongeza Eggo, anafunga, anaondoka. Haulizi kitu, hasubiri kuona kama kuna mtu atatokea.

Dada hapo nyuma, zima taa.